Tunauziwa Tropiki Tukiwa Ndani Yake

Tuanze na jiografia ya shule ya msingi. Tropiki ni ule ukanda wa dunia ulio kati ya nyuzi 23 na nusu kaskazini ya ikweta na nyuzi 23 na nusu kusini yake. Kenya haifiki nyuzi sita upande wowote. Turkana ni tropiki. Nyahururu, unakotetemeka ukiwa na sweta mbili, ni tropiki. Msambweni, Donholm, Kakamega, kote ni tropiki tupu. Hata magugu yaliyoota kando ya mtaro nyuma ya keja yako ni mimea ya tropiki, na hayakuomba ruhusa kwa mtu.

Sasa niambie: mtu akikuuzia "bustani yenye sura ya tropiki" pale Diani, anakuuzia nini hasa?

Swali hili limenikaa kichwani tangu binamu yangu aniletee makadirio ya fundi wa bustani. Binamu anajenga vyumba vinne vya kukodisha wageni, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka ufuoni. Kiwanja alikinunua kikiwa na minazi kumi na mmoja, mirefu, ya zamani. Makadirio yalikuwa kurasa tatu. Kipengele cha kwanza kilikuwa kusafisha kiwanja, na kusafisha maana yake kung'oa mikorosho miwili, mpera, mdimu, mihogo "na vichaka vinginevyo". Cha pili kilikuwa nyasi za zulia, zije kwa lori. Cha tatu kilikuwa mimea ya kuisindikiza minazi ili pawe na sura ya tropiki: helikonia, krotoni, bougainvillea, strelitzia, pamoja na miti mingine ya jamii ya mnazi isiyozaa kitu cha kuliwa. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, kukata vidaka na madafu kila baada ya miezi michache ili yasiwaangukie wageni.

Yaani ung'oe chakula, ulete mapambo, halafu uuhasi mnazi wenyewe. Na ulipe.

Simlaumu fundi. Anauza kinachonunuliwa. Nawalaumu wanunuzi, na wanunuzi ni sisi: vijana wa mjini tunaopanda treni ya Madaraka Ijumaa, tukapiga picha chini ya mnazi Jumamosi, tukaiweka mtandaoni na kusema tuko paradiso. Sisi ndio tunaowafundisha wenye nyumba paradiso inafananaje. Na nasema wazi: tunawafundisha vibaya. Mimea ya kuishi na mnazi haichaguliwi kwa kufanana na picha. Inachaguliwa kwa kazi inayofanya pale chini. Wakulima wa Pwani walishalijibu swali hili zamani, na jibu lao ni zuri kwa macho pia, sema tumefundishwa kuliita kichaka.

Wazo la "sura ya tropiki" halikuzaliwa huku. Lilizaliwa kwenye baridi. Kati ya 1844 na 1848, Waingereza walijenga pale Kew, London, jumba la chuma na vioo kwa ajili ya minazi, mitende na jamaa zake, wakalipasha joto kwa moto wa makaa ili miti iliyotolewa nchi za mbali isife. Hata leo, Mwingereza anayetaka bustani ya namna hiyo hupanda mgomba unaostahimili baridi kidogo, na majira ya baridi yakikaribia anaufunika kwa majani makavu na magunia kama mtoto anayepelekwa kliniki. Mwaka 1993 Christopher Lloyd, mwandishi mashuhuri wa mambo ya bustani, aling'oa bustani ya waridi ya nyumbani kwake Great Dixter, akapanda migomba na mimea mingine ya majani mapana mahali pake. Watu walikasirika. Mimi nampigia makofi. Mtu hana tropiki, ameiigiza, na kila mtu anajua ni igizo.

Sisi tunaigiza nini? Tunaigiza watu wanaotuigiza sisi. Ni kama mtu wa Lamu kununua mkate wa mofa uliookwa Birmingham kwa sababu pakiti yake imechorwa jahazi.

Pitia ile orodha tena. Helikonia nyingi ni za Amerika ya Kati na Kusini. Bougainvillea ni ya Brazil na majirani zake. Krotoni za kupamba ni za visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia na Pasifiki. Strelitzia ni ya Afrika Kusini. Monstera, ile yenye majani yaliyotoboka inayochapishwa kwenye kila foronya ya Airbnb, ni ya misitu kuanzia Mexico hadi Panama. Ile miti yenye shina jeupe kama nguzo ya benki, inayopangwa mistari miwili kwenye malango ya mitaa ya wenye pesa, ni ya Karibiani. Na ule wenye majani yaliyotandazwa kama upepeo, mti wa msafiri, ni wa Madagaska, na wala si jamaa ya mnazi hata kidogo. Ndugu yake ni strelitzia.

Najua utaniambia nini. Utasema: tulia, mnazi wenyewe si mgeni? Ni kweli. Mnazi ulikuja kwa bahari, ukisafirishwa na watu waliovuka Bahari ya Hindi kabla ya nchi hii kuwa na jina. Mwembe na mdimu vilitoka Asia. Mhogo na mkorosho vilitoka Brazil, vikaletwa na Wareno. Ukianza kuhesabu damu ya mimea, shamba la bibi yako Mtwapa ni uwanja wa ndege. Kwa hiyo sidai usafi wa ukoo. Mtu anayetaka kufukuza kila mmea uliozaliwa kwingine atakula mtama mtupu, na atakula bila nazi.

Kipimo changu ni kingine, na kila mtu anakijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mhogo ulipewa jembe, ukalima. Mkorosho ulipewa jembe. Mwembe mpaka leo unafanya kazi kuliko wenyeji. Helikonia inakaa siku ya tatu, ya thelathini, mwaka wa tatu, bado inaandaliwa maji ya kuoga.

Na maji yenyewe ni ya nani? Mombasa inakunywa kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, kutoka Baricho, Marere na Tiwi, na bado mitaa mingi inasubiri mkokoteni wa mitungi. Katika mji wa namna hiyo, zulia la nyasi linalonyweshewa asubuhi na jioni ili picha itoke kijani si pambo. Ni foleni, na wewe uko nyuma yake na ndoo.

Sasa twende chini ya mnazi wenyewe, maana huko ndiko hoja yangu iliko.

Kuna mdudu mdogo wa rangi ya kahawia anayefyonza nazi changa. Anadunga kidaka, kidaka kinalia utomvu, kinadondoka. Mkulima anaokota vidaka chini na kujiuliza nani kamroga. Jina lake la kisayansi ni Pseudotheraptus wayi, na hilo neno la mwisho linamtaja M. J. Way, mtafiti aliyefanya kazi Zanzibar katikati ya karne iliyopita. Utafiti wake, na wa waliomfuata, ulionyesha kitu ambacho mtoto yeyote aliyewahi kupanda mwembe angeweza kukisia: adui wa mdudu huyo ni majimoto.

Unawajua majimoto. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani mabichi kuwa viota, wakikuuma unakumbuka dhambi zako zote. Majimoto wakitawala mnazi, yule mdudu hapati nafasi, na nazi zinabaki juu mpaka zikomae. Lakini majimoto wana shida moja. Jani la mnazi ni gumu na jembamba, kulishona ni kazi. Wanapenda majani laini na mapana: ya mwembe, mdimu, mchungwa, mpera, mkorosho, mkarafuu. Kwa hiyo shamba lenye miti hiyo katikati ya minazi lina kambi za askari. Wanalala kwenye mdimu, wanalinda kwenye mnazi.

Soma tena kipengele cha kwanza cha yale makadirio. Mikorosho miwili, mpera, mdimu. Fundi alikuwa anavunja kambi, na kipengele kilichofuata kingekuwa dawa ya kupuliza sisimizi wasiwaume wageni. Bibi aliyeuacha ule mdimu hapo hakuwa mvivu wa kusafisha. Alikuwa na walinzi wasiodai mshahara.

Mnazi una hesabu nyingine ambayo bustani ya picha haijawahi kuisoma: umri. Mnazi ukiwa mchanga, miaka kama minane ya mwanzo, jua linafika chini vizuri. Ni wakati wa mhogo, kunde, mahindi, mananasi, viazi vitamu. Kati ya miaka minane na kama 25 hivi, kilele bado kiko chini na makuti yamefumbata. Kivuli ni kizito, na hapo ndipo utapanda vitu vinavyovumilia kivuli, kama majimbi, tangawizi na manjano. Baada ya hapo mnazi unarefuka, kilele kinakwenda mbinguni, jua linarudi chini likiwa limekatwakatwa, na ule mwanga wa madoadoa ndio mwanga bora wa bustani katika dunia nzima. Mgomba unaupenda. Mpapai unaupenda. Ndimu, pilipili, hata kakao na vanila, vyote vinastawi humo.

Na mizizi je? Mnazi hauna mzizi mkuu unaozama. Una mizizi mingi kama nywele, na sehemu kubwa inayofanya kazi iko ndani ya mita mbili kutoka kwenye shina. Minazi ikipandwa kwa nafasi ya mita nane au tisa, sehemu kubwa ya ardhi katikati haiguswi. Ile ardhi ni mwaliko. Kwa hiyo kanuni ni fupi: achia duara la mita mbili kulizunguka shina, usichimbe humo kwa fujo, tandaza makumbi na makuti makavu yashike unyevu, halafu panda nje ya duara. Wenye picha wanafanya kinyume kabisa. Wanazungushia shina pete ya mawe meupe na maua, wanachimba pale pale mizizi ilipo, kisha wanatandika nyasi kwingine kote, na nyasi zinagombania maji na mbolea na mnazi usiku na mchana. Baada ya miaka michache makuti yanakuwa manjano, na wanaitwa tena kuuza mbolea.

Lakini tuache kazi kidogo, tuongee uzuri. Sitaki mtu aseme mimi ni afisa wa kilimo niliyepotea njia nikaingia kwenye jarida la fasihi.

Uzuri wa bustani ya Mswahili haukuanzia machoni. Ulianzia puani. Kina mama wa Mji wa Kale wanajua: asumini inachumwa ikiwa bado imefumba, inafunguka usiku ikiwa tayari kwenye nywele. Kuna mrehani karibu na mlango. Kuna kilua. Kuna mlangilangi, unaoweza kuunusa kabla hujauona. Kuna mkadi, na mkadi si mmea mdogo: unasimama juu ya mizizi kama ngalawa juu ya miti yake, majani yake marefu yamejipinda kama ngazi ya mnara, na ua lake linanukia kiasi cha kuwekwa kati ya nguo sandukuni. Hivi vyote vikichanganywa vinasukwa kikuba, na kikuba ni bustani uliyoivaa.

Mwenye kitalu akikuambia anataka mmea "wa kishua wenye sura ya tropiki", mwonyeshe mkadi kisha unyamaze.

Sasa nusa ile bustani ya makadirio. Helikonia hainukii. Krotoni hainukii. Bougainvillea hainukii. Strelitzia hainukii. Si bahati mbaya. Bustani ile ilibuniwa kwa ajili ya kamera, na kamera haina pua. Tumebadilishana harufu kwa rangi, tukadhani tumepata faida. Ukikaa ndani yake saa moja usiku, taa zikizimwa, haipo. Bustani ya mkadi na asumini saa moja usiku ndiyo kwanza inaanza.

Na kuna maneno yanayopotea humo. Kiswahili cha kila siku hakina neno moja la kuikusanya miti hii yote, na huo si umaskini. Ni kwa sababu kila mmoja una jina lake na kazi yake. Mnazi ni mnazi. Mtende ni mtende. Mkindu unatoa ukindu wa mikeka. Mkoma unatoa miyaa ya vikapu. Mvumo ni ule mrefu wenye tumbo katikati ya shina. Mwale una majani marefu kuliko basi. Mpopoo unatoa popoo ya kutafunwa na tambuu. Na zao la mnazi peke yake lina rika kama watu: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, mbata. Ukiuhasi mnazi kila baada ya miezi mitatu, mtoto anayekua kwenye kiwanja hicho hataona kitale hata siku moja. Neno litakufa kwa kukosa kitu cha kukiita. Huwezi kulinda lugha kwenye kongamano huku unaikata kwa panga kwenye ua wako.

Kwenye jina moja tu ndipo shamba limesalia: mwanamume anayetunza hii bustani isiyo shamba bado tunamwita shambaboi, hata akiwa na wajukuu. Huyo mzee anajua mtsunga na mchicha na mnavu. Tunamlipa aung'oe mnavu kwenye nyasi asubuhi, halafu jioni tunapita sokoni kuununua, tukimlalamikia mama mboga kwamba bei imepanda.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba wengine wameuona utajiri wetu sisi tukiwa tumeupa mgongo. Ule mmea wa majani manene yanayong'aa, unaokaa ofisini miezi bila maji, Zamioculcas, unauzwa kwenye vitalu vya Ngong Road kama kitu kilichoshuka kwa ndege. Kwao ni hapa, Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, kwenye misitu yetu ya Pwani. Miaka ya 1990 vitalu vya Uholanzi vilianza kuuzalisha kwa wingi, ukazunguka dunia, ukaturudia ukiwa na bei. Saintpaulia, ile yenye maua ya zambarau kwenye madirisha ya mabibi wa Ulaya na Marekani, ilichukuliwa Tanga mwaka 1892 na ofisa Mjerumani ikapewa jina lake. Na hapa Kenya imebaki kwenye majabali machache ya Kilifi na Taita, ambako wengi wetu hatujui kama ipo. Mwaka 2022 mibuyu mizima iling'olewa Kilifi kwa mashine ili ipelekwe kwenye bustani ya nchi ya Georgia, mpaka kelele zikafika Ikulu. Mbuyu! Mti ambao wazee wanazungumza nao. Mtu aliuona ni mzuri kiasi cha kuuvusha bahari, huku jirani yake akikata wake apate nafasi ya nyasi za zulia.

Brazil iliwahi kuwa na ugonjwa huu huu, ikapata mtu wa kuutibu. Roberto Burle Marx alikuwa kijana alipokwenda Berlin na familia yake mwaka 1928. Kwenye nyumba za vioo za bustani ya mimea ya Dahlem alikuta mimea ya nchi yake imetunzwa kama dhahabu, mimea ambayo huko kwao, Rio, watu waliipita bila kuitazama, bustani zao zikiwa na waridi na miti ya Ulaya. Alirudi nyumbani akatumia maisha yake yote, hadi alipofariki mwaka 1994, kutengeneza bustani kwa mimea ya Brazil. Alikwenda msituni kuitafuta mwenyewe. Leo dunia ikisema "bustani ya tropiki", nusu ya picha iliyo kichwani mwake ni kazi yake. Na hapo ndipo mzaha ulipo: sisi tunanakili mimea ya Burle Marx badala ya kunakili alichofanya. Alichofanya ni kutazama nje ya dirisha lake.

Basi tutazame nje ya letu. Ukiwa Pwani na mnazi wako umeshapita ujana, huhitaji lori la mtu. Acha mkorosho au mwembe ulipo. Acha mdimu na mpera kwa ajili ya majimoto, mbali kidogo na viti vya wageni. Katikati panda migomba na mipapai kwa kimo, majimbi kwa jani pana, tangawizi na manjano kwa kivuli, nanasi pembezoni badala ya mawe meupe. Mkadi kwenye kona, asumini kwenye dirisha la chumba cha kulala, mrehani mlangoni. Zamioculcas chini kabisa penye giza. Ukitaka kitu cha kumfanya mgeni asimame, kuna mtapo, mmea wa kale unaofanana na mnazi mfupi wa enzi za mazimwi, ambao ni wa Pwani hii hii. Lakini nunua kwa mwenye kitalu aliyeuotesha kwa mbegu. Jamii yake yote iko kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi katika mkataba wa CITES, na anayekuletea mkubwa usiku kwa pikipiki ameuiba msituni, pengine kwenye kaya. Baadhi ya makaya ya Wamijikenda yaliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Hayakuingizwa humo yawe kitalu chako.

Ukiwa Nairobi, kwanza kubali uko wapi. Jina lenyewe la mji ni la Kimaasai na linahusu maji baridi. Uko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mnazi hapa hautakuzalia hata kidaka, Julai itautesa, na nazi yako itaendelea kuja kwa lori. Lakini mkindu unaota wenyewe kando ya mito ya nyanda za juu. Uweke na mgomba mwitu, ule mnene usiozaa ndizi za kula, wenye majani ambayo mtu anaweza kuyaezekea kibanda. Weka nduma chini yake. Ndiyo, nduma, ile unayokula na chai. Huko nje jani lake huitwa sikio la tembo na huuzwa kama pambo la kifahari. Marekani wanapanda viazi vitamu kwenye vyungu vya barazani kwa sababu ya majani tu. Kama wao hawaoni aibu kupanda chakula chetu kama ua, mbona sisi tunaona aibu kukipanda kama chakula?

Utaniambia watalii wanataka ile ya picha. Watalii gani? Hesabu magari yenye namba za Kenya pale Diani sikukuu ya Desemba. Mtalii ni wewe. Na mgeni wa kutoka mbali ana helikonia kwenye duka la jirani yake. Hakusafiri saa tisa kuja kuiona tena. Utaniambia mihogo mbele ya nyumba ni ushamba. Sawa, ni ushamba, na ushamba umetokana na shamba, na shamba ndilo lililokulipia karo. Utaniambia mmea mmoja wa kigeni haumdhuru mtu. Waulize wavuvi wa Kisumu. Gugumaji liliondoka Amerika Kusini kama ua la bwawa, watu wakalipenda kwa rangi yake, na mwisho wa miaka ya 1980 likaingia Ziwa Victoria. Lantana nayo ilianza kama ua wa kupendeza uani, sasa imefunga malisho. Pambo lisilo na kazi likitoroka, linajitafutia kazi lenyewe.

Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize fundi maswali haya kuhusu kila mmea kwenye karatasi yake. Unafanya kazi gani hapa? Yule mzee atakayeumwagilia anauitaje? Ukivuka ukuta, utaenda wapi? Mmea ukifaulu, uingie, hata kama umezaliwa Peru. Ukishindwa, arudi nao kwenye lori.

Na sisi wapiga picha tuna deni letu. Siku nyingine ukiona mnazi umesimama peke yake juu ya zulia la nyasi, hauna nazi, hauna sisimizi, hauna harufu chini yake, weka simu mfukoni. Hiyo si paradiso. Ni mnazi uliofukuziwa wenzake. Muulize mwenye nyumba wako wapi.